Choo, ngama na kihori: visa vya kila siku mkiishi ndani ya boti ya matanga na watoto

Watu wakijua tunaishi baharini na watoto, wote huuliza habari za dhoruba. Dhoruba ina adabu: hutabiriwa mapema, na mwenye akili hubaki bandarini. Kinachotutoa jasho sisi ni choo kilichoziba, maji yasiyojulikana yametoka wapi, kihori (kile kiboti kidogo cha kwendea pwani) kilichofunguka na kwenda zake usiku na miwani iliyotumbukia. Katika familia hii mimi ndiye fundi wa choo, baba watoto ni wa injini, na binti yetu mkubwa ana mamlaka kamili juu ya kihori. Kitinda mimba kazi yake ni kuuliza maswali, na baadhi ya maswali yake yametuokoa. Nianze na lile ambalo hakuna anayelitaka.

Choo

Choo cha boti, ukikifumua, ni pampu ya mkono yenye bakuli. Upande mmoja inavuta maji ya bahari, upande wa pili inasukuma uchafu kwenye bomba linalokwenda tangini au nje. Pale bomba la uchafu linapoanzia pana vali ndogo ya mpira yenye mkato mdomoni. Uchafu unapita, haurudi. Kitu kikinasa, mara nyingi kimenasa hapo: uzi wa kusafishia meno, nywele, au kile kitambaa chenye unyevu cha kumpangusia mtoto ambacho pakiti yake imeapa kwamba kinafaa kutupwa chooni. Hakifai.

Sheria yetu imeandikwa ukutani kwa mwandiko wa mtoto: kisichopita mdomoni kwanza hakipiti hapa. Karatasi zinaingia kwenye kikapu chenye mfuniko. Wageni huona ni ushamba, mpaka siku watakapovaa glavu wenyewe.

Adui wa pili haonekani. Mkojo na maji ya chumvi vikikaa pamoja bombani hujenga magamba meupe magumu, na bomba linabanwa kidogo kidogo hadi kidole hakipiti. Kinga yake ni kupiga pampu hadi maji mapya ya bahari yamefika mwisho wa bomba, si kupiga mara tatu na kukimbilia juu kucheza. Tafuta idadi ya mipigo inayotosha kwa urefu wa bomba lako, iandike ukutani, na iwe sheria kwa wakubwa na wadogo. Glasi ya siki ikilala bombani usiku hulegeza magamba machanga. Yaliyokwisha kuwa jiwe hayaijui siki: chomoa bomba zima, lipeleke gatini, ulipigepige sakafuni magamba yapasuke na kumwagika. Kazi hiyo ifanywe upepo ukiwa unaelekea kwingine, tena bila jirani anayekula karibu.

Choo kikigoma, usiulazimishe mkono wa pampu. Ukikaza zaidi, bomba linachomoka kwenye kiungio chake na uchafu wote unakuja kwako. Funga kwanza koki zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Tandika taulo kuukuu, weka beseni chini ya kiungio, legeza klipu taratibu ili kilichobanwa kipumue. Toa vali ya mpira uitazame. Mara nyingi kazi inaishia hapo, kwa koleo na subira. Hata kama si yenyewe iliyoziba, ukiiona imekakamaa au mdomo wake umebaki wazi, tia mpya. Mimi huwa na vali mbili za akiba, moja kwenye droo ya choo na nyingine mahali ambapo watoto hawapafahamu.

Bakuli likijijaza lenyewe bila mtu kupiga pampu, acha utani. Vyoo vingi vya boti vimekaa chini ya usawa wa bahari, na kinachozuia bahari isiingie ni lile pinda la bomba lililopanda juu, lenye kivali cha hewa kileleni. Chumvi ikikiziba kivali hicho, maji hujivuta yenyewe, na bakuli likifurika chombo kinajaa huku mmelala. Kivue, kioshe kwa maji ya moto yasiyo na chumvi, kirudishe. Na kila atokaye chooni afunge koki. Kwa mtoto mfupi tumeweka kigoda ili aifikie.

Ngama: onja

Siku utakayofunua sakafu ukute maji ngamani, yaani kwenye uvungu wa chini kabisa wa boti, usikimbilie pampu. Chovya kidole, onja. Yakiwa matamu, ni tangi lenu, mabomba ya jikoni au mvua iliyopenya dirishani. Ni kero, lakini boti haizami. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata njia. Yakinuka sabuni, ni maji ya bafu. Yakiwa na mafuta juu, usiyaonje na usiyapampu nje. Yanywesheni matambara ya kufyonzea mafuta kwanza, kisha mkatazame injini.

Maji ya chumvi huwa na milango michache: pakingi inayozuia maji pale shafti ya injini inapotokea nje kwenda kwenye rafadha (pangaboi linalosukuma boti), koki na mabomba yake, kipimio cha mwendo kilichotoboa chini ya chombo. Pakingi ya kizamani ya nyuzi inaruhusiwa kudondosha matone machache kwa dakika shafti inapozunguka. Shafti ikisimama, nayo ikauke. Kama inatiririka, kaza nati zake kidogo tu, zamu kwa zamu, kisha iguse kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikiwa moto sana, umekaza kupita kiasi.

Uvujaji mdogo ndio unaochosha, kwa sababu maji hutiririka chini ya sakafu na kutokea mahali pasipohusika. Kausha ngama yote kwa sponji mpaka iwe kavu kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuanzia tezi (nyuma ya boti) hadi omo (mbele) na uiache saa kadhaa. Tone likipita huchora njia yake kwenye ule weupe, nawe unaifuata kwa kurunzi mpaka kwenye chanzo. Kitinda mimba wetu huipenda kazi hii kuliko katuni, na kwa kuwa anaingia mahali mimi siingii, huwa ndiye anayeona kwanza.

Uvujaji mkubwa hauna poda. Bomba la upana wa sentimita 4 likichomoka nusu mita chini ya usawa wa bahari huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na pampu nyingi ndogo za umeme haziwezi kushindana nalo. Kwa hiyo kila koki iwe na nguruzi, yaani kizibo, ya mbao laini ya kipimo chake, imefungwa hapo hapo kwa uzi, si ndani ya kisanduku chini ya mito na midoli. Watoto wetu wanajua koki zote zilipo. Tumewafundisha kwa kuwafunga macho na kuwatuma wazitafute kwa mikono, maana siku maji yakiingia taa nazo zinaweza kuzimika.

Tazama pia swichi ya kuelea inayoiwasha pampu ya ngama. Nywele, uzi au tofali moja la plastiki la mtoto likinasa chini yake, pampu haiwaki, au inawaka isizimike hadi betri zinakufa. Inua swichi kwa mkono kila wiki, usikie pampu ikinguruma.

Kuhusu maji ya kunywa nina neno moja: mkilala au mkitoka, zimeni swichi ya pampu ya maji. Kiungio cha bomba kikiachia usiku, pampu itamimina tangi lote ngamani kwa utiifu mkubwa. Ukiisikia pampu inanguruma na hakuna aliyefungua bomba, izime kwanza, kisha ndipo utafute viatu.

Kihori

Kihori hupotea kwa sababu kila mtu anaamini mwenziwe ndiye aliyekifunga. Kwetu anayefunga husema kwa sauti, na mwingine hukagua fundo kwa kulivuta. Usiku tunakipandisha juu ya maji kwa jarari (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba, ubavuni, au tunakifunga kwa kamba mbili sehemu mbili tofauti. Kamba yake iwe ya kuelea. Ikiwa ya kuzama, siku mtakayorudi nyuma kwa injini itakwenda kujizungusha kwenye rafadha, na hilo hutokea mbele ya watu wengi kuliko siku zote. Kabla ya kurudi nyuma, mtu mmoja akivute kihori karibu na kuishika kamba mkononi. Kwetu injini haipewi gia ya nyuma mpaka binti aseme, "Kihori ninacho!"

Kamba ikishanasa, zima injini mara moja na tupa nanga, au tweka tanga kama mna nafasi. Kisha jaribu ukiwa juu: mtu mmoja avute kamba kwa nguvu ya wastani, mwingine aizungushe shafti kwa mkono kinyume na ilivyokuwa ikizunguka. Mara nyingine hufunguka yote bila mtu kulowa. Anayelazimika kupiga mbizi ashuke maji yakiwa yametulia, na funguo ya injini aning'inize shingoni mwake yeye mwenyewe. Sikubali ibaki hata mezani.

Anayeendesha kihori avae ule ugwe unaozima injini mtu akianguka. Mtoto asiyetaka kuuvaa apige kasia. Hapa huwa sijadiliani.

Kilichotumbukia

Mkono wa winchi (ile mashine ya kukazia kamba), bisibisi, simu, kiatu kimoja. Zana ukiitoa sitahani iwe na uzi mkononi mwako, na unapofungua kitu kidogo tandika taulo chini yake. Funguo ziwe na kipande cha boya. Miwani iwe na kamba, hata kama anayeivaa ana umri wa kuona aibu.

Kikishazama, usisimame kulia. Boti iliyotia nanga inazunguka, na baada ya dakika chache hamtajua tena kilipoangukia. Tupa hapo hapo kitu kizito kilichofungiwa kamba na chupa tupu ya kuelea. Sisi tunacho tayari chini ya kiti cha tezi. Halafu subirini maji yatulie na mtu azamie akiifuata kamba. Sumaku ya kuvulia ni nzuri kwa vifaa vya chuma cha kawaida, lakini chuma kizuri kisichoshika kutu, ambacho ndicho kingi kwenye boti, hakishikwi nayo. Kwa hivyo wavu wa mpini mrefu ni bora.

Nanga ikitambaa

Urefu wa mnyororo hupigiwa hesabu kwa kina cha wakati maji yamejaa, si cha sasa. Tuseme hapa ulipo kina ni mita 4, omo iko mita 1 juu ya maji, na maji yatapanda mita 3 zaidi. Jumla ni mita 8. Kwa mnyororo mtupu zidisha mara 5, yaani mita 40. Kama sehemu kubwa ni kamba, mara 7, yaani mita 56. Wengi husahau ile mita ya omo na zile za kujaa, ndipo saa nane usiku wanajikuta ubavuni mwa jirani.

Baada ya kutoa mnyororo, rudi nyuma kwa injini polepole, kisha kwa nguvu, na mtu aweke kiganja juu ya mnyororo pale omo, mbali na winchi ya nanga. Ukikaza na kutulia, nanga imeshika. Ukitetemeka na kurukaruka, inakokota chini. Vuta, anza upya, wala usijali wanaotazama. Halafu kila mtoto achague vitu viwili pwani vilivyopangana mstari mmoja, mti na kona ya paa kwa mfano. Vikiachana kuliko kuyumba kwa kawaida, aseme. Kengele ya nanga ya kwenye simu, ile inayolia boti ikitoka nje ya duara, tunayo pia, lakini kitovu cha duara hilo ni pale nanga ilipotua, si pale boti iliposimama baadaye.

Ikiachia usiku, majaketi ya kujiokolea huvaliwa kwanza na wote. Mdogo hubaki ndani na dada yake, na yeyote anayewasha injini huangaza kurunzi majini kwanza kuona kama kuna kamba inayoning'inia. Kama nyuma kuna nafasi, kuongeza mnyororo mara nyingi kunatosha. Kama hakuna, ng'oeni nanga mkaitie mahali pengine, na boti ya jirani ikikaribia izuieni kwa maboya ya ubavuni, kamwe si kwa mguu.

Watoto sitahani

Wavu kuzunguka sitaha ni mzuri kwa midoli na mpira. Usikudanganye kuhusu mtoto. Kwetu asiyejua kuogelea hapiti ngazi ya kabini bila jaketi, nalo liwe na ule mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo, maji hulipandisha jaketi hadi masikioni na mtoto kuteleza chini yake.

Hatari kubwa zaidi ni wazazi wawili, kila mmoja akidhani mwenzake anamtazama mtoto. Tunakabidhiana kwa maneno. Mimi nasema, "Mchukue." Baba watoto hujibu, "Ninaye." Asipojibu, bado yuko kwangu. Inachosha kusikia siku nzima, na majirani wamewahi kucheka, lakini tunaendelea nayo.

Mtu akianguka: mmoja anyooshe kidole kumwelekea na asiondoe macho kwa lolote, mwingine atupe chochote kinachoelea, mwingine asimamishe chombo. Kumtoa majini ndiko kugumu, kwa hiyo ngazi ya tezi iwe ya aina inayoweza kushushwa na mtu aliye majini. Tunafanya mazoezi kwa ndoo iliyofungwa kwenye boya, na watoto wameipa ndoo jina na tabia mbaya.

Jikoni

Jiko la boti hubembea ili sufuria ibaki wima, kwa hiyo mkisafiri liachieni libembee. Anayepika avae aproni nene, hata kama kuna joto, na sufuria isijae kupita nusu. Kufungua mlango wa joko hubadilisha uzani na jiko zima huinama kuelekea kwako. Ondoa sufuria za juu kwanza. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yamwagikie palipoungua kwa dakika 20. Najua dakika 20 ni maji mengi kwa familia yenye tangi dogo. Yamwageni. Kisha funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila mafuta wala dawa ya meno, na ikiwa ni kubwa au iko usoni au mikononi tafuteni daktari.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka ngamani na kukaa huko ikisubiri cheche. Zima mtungi kwenye koki yake kila mkimaliza kupika, na king'amuzi kiwe chini, karibu na sakafu. Mkinusa gesi, msiguse swichi yoyote, hata ya pampu ya ngama. Funga mtungi, fungua madirisha yote, watu wote watoke ndani wapande sitahani, na hewa ya ngamani itoeni kwa pampu ya mkono.

Mengine ni mafupi. Maboksi ya karatasi ngumu hayaingii ndani, maana mende hutaga kwenye mikunjo yake. Vitu hupakuliwa gatini. Godoro liinuliwe kwa vibao lipate hewa chini, la sivyo ukungu utalala na nyinyi. Nguo iliyolowa maji ya bahari haikauki kamwe mpaka isuuzwe, kwa sababu chumvi hunyonya unyevu usiku. Nywele ndefu zifungwe kabla ya kugusa winchi. Mwenye kichefuchefu apewe usukani au atazame upeo wa macho, dawa imezwe kabla ya kung'oa nanga na si baada, na atapike kwenye ndoo. Wale wa kuinamia baharini, hata kama wamekumbuka upande wa demani (upepo unakoelekea), ndio wanaoanguka.

Radio

Kuna siku wakubwa wote wawili mtakuwa mmeshikwa, mmoja ngamani na mwingine ameumia. Kwa hiyo mtoto anayejua kusoma ajue kuita. Pembeni ya radio yetu ya VHF pana karatasi iliyofungwa nailoni, yenye hatua kwa herufi kubwa: washa, chaneli 16 (ya kuitia msaada), bonyeza, sema, achia, sikiliza. Chini yake maneno yenyewe: "Mayday" mara tatu ikiwa maisha yako hatarini, "Pan-pan" mara tatu ikiwa ni haraka lakini hakuna anayekaribia kufa. Kisha jina la boti, mahali ilipo, tatizo, idadi ya watu na umri wa watoto. Mahali huja mapema, kabla ya maelezo ya tatizo, kwa sababu betri ikikata katikati ya sentensi, anayejua mlipo anaweza kuja hata kama hajui mna nini. Namba za mahali zinasomwa tarakimu moja moja kutoka kwenye skrini ya GPS, na binti yetu amezisoma mara nyingi sana mezani, akiwa ameshika kijiko badala ya kipaza sauti. Wakati wa mazoezi hayo radio yenyewe huwa imezimwa, maana chaneli 16 si ya kujifunzia.